Kasoro Ndogo ya Curlew

Mume wangu, Clifford Raine, alikuwa fundi wa vipimo katika kiwanda cha chuma cha Consett, kaskazini mwa Uingereza, kwa miaka ishirini na miwili. Kazi yake ilikuwa saa za joto na za presha: mshale ukidanganya, anaitwa yeye. Kiwanda kilipofungwa mwezi wa Septemba mwaka wa themanini alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na karibu kila mwanamume wa mtaa wetu alirudi nyumbani siku moja naye. Lile vumbi jekundu la kiwanda tulilokuwa tukilikung'uta kwenye mashuka kila Jumatatu likakoma. Nguo zikawa zinaanuliwa safi kama zilivyoanikwa, na sikumsikia mwanamke hata mmoja akifurahi.

Mimi nilikuwa mpishi wa shule, kwa hiyo hatukulala njaa. Lakini Clifford alipaka rangi milango yote ya nyumba, alipoimaliza akaipaka tena, kisha siku moja akachukua sehemu ya kiinua mgongo chake, akapanda basi kwenda Newcastle, akarudi na kompyuta ndogo ya nyumbani, ile ya kuunganisha kwenye televisheni, pamoja na kinasa sauti cha kaseti cha kuhifadhia kazi zake.

"Umeninunulia taipureta isiyo na karatasi," nikamwambia.

"Cheka tu, Avril. Hii ndiyo kazi inayokuja."

"Inakuja Consett?"

"Inapita kila mahali isipokuwa Consett. Ndiyo maana nimeifuata mwenyewe."

Kompyuta zile zilikuja na lugha moja tu ndani yake, Besiki, na ilikuwa nzito ajabu. Mashine ilisoma mstari mmoja, ikaufasiri, ikautenda, ndipo ikashika mwingine. Na mstari uleule ukirudiwa mara elfu, iliufasiri upya mara elfu. Dawa yake ni kompaila, yaani programu inayochukua yote uliyoandika na kuyageuza mara moja kuwa namba za mashine yenyewe. Hapo kazi inakimbia. Makampuni yalikuwa nazo, lakini moja ilikuwa ghali kuliko hata kompyuta. Jambo hilo lilimkera Clifford kama tusi la mzazi.

"Wanamuuzia mtu baiskeli, halafu wanamwambia pedali ni za matajiri," alisema. "Nitatengeneza yangu, na mtu asiye na kazi ataweza kuinunua."

Ilimchukua mwaka na miezi minne. Alijaza madaftari ya shule kumi na saba kwa namba ambazo mimi sikuzielewa na sikujaribu kuzielewa. Aliiita Curlew, jina la yule ndege wa nyika za juu aliyekuwa akimsikia alfajiri akienda zamu. Tukaiuza kwa kaseti, paundi saba, pamoja na kijitabu nilichokipiga chapa mwenyewe, na tukaweka tangazo dogo kwenye gazeti la wenye kompyuta za nyumbani.

Watu wakanunua. Tarishi wa Cornwall, padri, askari magereza, mama mmoja wa Leeds aliyekuwa na watoto watano na akiandika programu wakishaenda shule. Waliandika barua ndefu za shukrani, maana wengi walikuwa hawajawahi kuona mashine yao ikikimbia. Mimi nilinakili kaseti kwenye meza ya jikoni kwa vinasa sauti vitatu, nikabandika lebo, na kila mnunuzi nikamwandikia kadi yenye jina na anwani ndani ya boksi la viatu. Clifford alianza tena kunyoa ndevu kila siku. Alianza tena kuimba bafuni, vibaya kama zamani. Nalieleza hili ili ieleweke nilikuwa nalinda nini.

Mwezi wa Februari mwaka wa themanini na nne ikaja barua kutoka Galloway, Uskoti, iliyoandikwa na Bi Ishbel Carnaby, mwalimu mstaafu aliyekuwa akipima mvua ya bustani yake kila asubuhi na kuijumlisha kwa Curlew. Barua ilianza hivi: "Bwana Raine mpendwa, mvua yangu inapotea." Alikuwa amejumlisha mwaka mzima kwa mkono, kisha kwa kompyuta, na majibu hayakulingana. Siku za mvua kubwa zote zimo, aliandika, lakini kuanzia vuli, jumla ikishakuwa kubwa, siku za manyunyu hazihesabiwi kabisa.

Clifford aliisoma amesimama. Akaingia chumba cha nyuma, na kabla ya chai ya jioni alikuwa ameipata kasoro.

"Amri moja tu," aliniambia. Uso wake ulikuwa umekwajuka. "Nilipokuwa naisogeza namba ndogo ili ilingane na kubwa, nimetupa kipande ambacho sikutakiwa kukitupa. Ukiwa na namba kubwa, ukaijumlishia ndogo sana, iliyo chini yake mara mia mbili na zaidi, ile ndogo inapotea. Curlew inaihesabu sifuri."

"Na ukiitengeneza?"

"Nimeshaitengeneza. Kaseti utakazonakili kesho ni nzima. Lakini kuna watu mia tatu na arobaini wenye mbovu, Avril. Inabidi tuwaandikie wote."

Nilikuwa namenya viazi. Sikuacha kumenya.

"Clifford, yule wa gazeti si ndiye anaandika habari za Curlew mwezi huu?"

"Ndiye."

"Sasa tukiwaandikia watu mia tatu kwamba mashine yetu haijui kujumlisha, unadhani yeye hatasikia? Ataandika nini? Curlew, kompaila ya fundi wa Consett asiyejua hesabu ya darasa la pili?"

"Lakini haijui kujumlisha."

"Sasa inajua! Umeshaitengeneza. Mtumie bibi wa watu kaseti mpya, na samahani, basi. Hao wengine wanatengeneza michezo. Wanapiga majini ya angani. Jini likipungua nukta moja kuna atakayeumia?"

"Hatujui wanaitumia kufanyia nini, kipenzi."

"Barua zao nazisoma mimi. Najua."

Clifford hakuwa mtu wa kugombana. Kiwandani walimwita Mchungaji kwa sababu ya upole wake. Akasema, "Basi gazeti likishatoka, tutawaandikia." Nikamwambia ndiyo, likishatoka.

Gazeti lilitoka mwezi wa Mei, ukurasa mzima wa sifa. Maombi yakaja mpaka tarishi wetu akawa anagonga mlango kwa kiwiko. Niliacha kazi ya shule. Wakati ule wachimba makaa wa upande wetu wote walikuwa kwenye mgomo, majirani wanakula supu ya jumuiya, na sisi tulikuwa na kazi kuliko mikono yetu. Barua zile mia tatu na arobaini hazikuandikwa. Alinikumbusha mara mbili. Mara ya pili nilimjibu kwa ukali, na hakurudia tena.

Mwisho wa Julai kikaja kifurushi kutoka mji wa pwani wa Berwick. Ndani yake mlikuwa na kaseti moja, karatasi ndefu zenye programu iliyoandikwa kwa mkono, na barua.

Ilikuwa ya mwanamke aitwaye Elspeth Purves. Mumewe, Magnus, alikuwa fundi bomba, na siku za mapumziko alipiga mbizi kwenye meli zilizozama karibu na visiwa vya Farne, yeye na Adam, kaka yake Elspeth. Mpiga mbizi akikaa chini sana, gesi huingia mwilini mwake, na akipanda bila kusimama njiani kuiacha itoke, hutoka yenyewe kama povu la chupa ya soda iliyotikiswa. Magnus alikuwa ameandika programu ya kuhesabu muda wa kusimama. Tarehe kumi na saba Juni walizama mara mbili siku moja. Programu ilisema mara ya pili wanaweza kupanda moja kwa moja. Magnus alifia ndani ya mashua. Adam alikuwa hai, lakini kuanzia kiunoni kwenda chini hakusikia kitu.

"Uchunguzi wa kifo umesema Magnus alikosea hesabu," aliandika. "Mama yangu ameziondoa picha zake ukutani. Adam hataki jina lake litajwe. Anasema alimwamini akampa miguu yake. Mimi siwezi kuisoma hii programu. Nyinyi mnaweza. Naomba mniambie alikosea wapi. Nikijua ni mstari gani, labda nitaweza kumkasirikia na yakaisha."

Nilikwenda kwenye boksi la viatu. Kadi yake ilikuwamo: M. Purves, Novemba mwaka uliopita.

Clifford alishinda siku tatu mchana kutwa na zile karatasi. Siku ya kwanza alikuwa na tumaini. Nilimwona anafuata mistari kwa penseli, akitafuta kosa la Magnus kama mtu anayetafuta pete aliyoangusha. Siku ya tatu aliniita chumba cha nyuma. Alikuwa na vinasa sauti viwili na kaseti mbili za Curlew, ya zamani na mpya.

"Tazama," akasema. Aliipakia programu ya Magnus kwa Curlew ya zamani, akaingiza kina na dakika za siku ile. Kwenye televisheni ikatokea: KUSIMAMA 0. Akaanza upya kwa Curlew mpya. Ilichukua dakika kadhaa kupakia. Ikatokea: KUSIMAMA 22.

"Dakika ishirini na mbili," akasema. "Alihesabu gesi dakika kwa dakika. Zile sehemu za mwili zinazojaa polepole, kila dakika zinaingiza kidogo sana. Curlew ilikuwa inakitupa hicho kidogo. Kwa kuzama mara moja haijulikani, ndiyo maana, ameandika hapa pembeni, alipolinganisha na kitabu cha wapiga mbizi majibu yalikubaliana. Lakini mara ya pili, Avril, ilimhesabu kama mtu ambaye hajagusa maji siku hiyo."

"Wapiga mbizi si wana majedwali yao yaliyochapishwa? Kwa nini hakutumia hayo?"

"Alipaswa kuyatumia. Ndiyo."

"Basi si kosa lako peke yako! Mtu anachukua kaseti ya paundi saba anaitegemea kwa roho yake na ya shemeji yake?"

"Alijumlisha," Clifford akasema. "Hakufanya kingine. Alijumlisha, akatuamini kwamba tunajua kujumlisha. Jumamosi nakwenda Berwick kumwambia mkewe."

Nililia, nikamsihi, nikamwambia watatushtaki, watachukua nyumba. Nikamwambia maneno mabaya zaidi, kwamba mtu amekufa na ameshazikwa, na ukweli wetu hautampa yule kijana miguu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda kuziweka zile karatasi za Magnus katika bahasha, kwa mpangilio wake, ukurasa kwa ukurasa.

Kesho yake ilikuwa Alhamisi. Clifford alipotoka kwenda kununua mafuta ya gari, nilikaa kwenye meza ya jikoni nikaandika: "Bibi Purves mpendwa, tunasikitika sana kwa msiba wako. Kwa bahati mbaya kaseti uliyotuma iliharibika njiani, na mwandiko wa karatasi hausomeki vizuri. Hatukuweza kugundua lolote. Mume wangu hayuko vizuri kiafya, na tunaomba usitume tena." Nikaweka stempu ya haraka, nikaenda mwenyewe kwenye sanduku la posta la kona. Nilidhani nikishaifanya, nitapata la kumwambia Clifford: nimeshamjibu, yamekwisha, usiende. Lakini aliporudi sikuweza kufungua mdomo. Ijumaa pia sikuweza. Jumamosi asubuhi nikamwambia tu kwamba nitakwenda naye.

"Sikulazimishi," akasema.

"Najua."

Mvua ilinyesha njiani kuanzia Alnwick. Kwenye gari nilijaribu mara tatu kuanza, na kila mara nilisema kitu kingine: barabara inateleza, umekula nini, punguza mwendo. Niliomba kimoyomoyo posta iwe imechelewa.

Elspeth Purves alikuwa mdogo kuliko nilivyomwaza, pengine miaka thelathini, na sweta kubwa la kiume. Alitufungulia mlango, Clifford akajitaja jina, na nikaona jinsi macho yake yalivyoduwaa.

"Bwana Raine? Lakini nilidhani unaumwa."

"Mimi? Hapana, mama. Mimi mzima."

Alitutazama wote wawili, akatukaribisha ndani. Juu ya meko, kwenye kinara cha mshumaa, ilikuwa imeegemezwa bahasha yenye mwandiko wangu. Nikakaa kwenye kiti kilichoitazama.

Clifford hakunywa chai aliyoletewa. Aliweka bahasha ya karatasi za Magnus mezani, na juu yake karatasi mbili za majibu alizoziandika kwa mkono wake. Akaeleza polepole, kama alivyokuwa akiwaeleza wanafunzi wa ufundi kiwandani. Alipofika kwenye sifuri na ishirini na mbili, Elspeth aliinua mkono.

"Subiri. Magnus alikosea mstari gani?"

"Hakuna."

"Lazima upo. Walisema upo."

"Nimeisoma siku tatu, mama. Ni programu safi kuliko nyingi nilizoziona. Hakukosea popote. Mwenye kosa ni mimi."

Alijifunika uso kwa mikono ya lile sweta. Hakulia kwa sauti. Mabega tu. Clifford alimsubiri, na mimi nikatazama zulia.

Alipofunua uso, sauti yake ilikuwa kavu. "Na nyinyi mmelijua lini?"

"Kuhusu Magnus, Jumatano hii."

"Sikuulizi kuhusu Magnus. Hiyo kasoro. Mmeijua lini?"

"Februari," Clifford akasema.

Niliona midomo yake ikihesabu miezi. "Mnayo anwani yetu. Si mlimtumia kaseti kwa anwani hii?"

"Tunayo. Nilipaswa kuwaandikia wote. Sikuandika."

Angeweza kusema ni mimi niliyemzuia. Alikuwa na haki hiyo, na nilimwona akiipita.

"Barua moja," Elspeth akasema. "Angeisoma. Magnus alikuwa anasoma hata karatasi za ndani ya dawa za mafua." Kisha akainuka, akachukua ile bahasha juu ya meko, akampa Clifford. "Na hii ni nini? Imekuja jana."

Clifford aliisoma. Haikuwa ndefu, lakini aliishika muda mrefu, kisha akaikunja kwa mikunjo yake ileile na kuiweka mezani. Hakunitazama.

"Ni mwandiko wa mke wangu," akasema. "Kaseti yako haikuharibika. Haya niliyokwambia ndiyo kweli."

"Nimekuelewa, baba." Kisha akanigeukia mimi. "Wewe ulitaka niendelee hivi hivi? Niishi na mtu aliyemlemaza kaka yangu, kumbe hakumlemaza?"

"Niliogopa," nikasema. Ndilo neno pekee nililolipata, na lilitoka dogo.

"Nilikuandikia kama mwanamke mwenzangu. Nilijua ni wewe unayejibu barua. Magnus aliniambia mke ndiye anajibu, ana maneno mazuri." Akaufungua mlango wa sebule. "Bwana Raine, wewe unaweza kukaa umalize chai. Yeye atoke nje."

Nilikaa ndani ya gari karibu saa nzima, mvua ikigonga bati. Clifford alipotoka, macho yake yalikuwa mekundu. Tulipofika Consett, alizima gari na kusema, "Ningeweza kukusamehe ya Februari, kwa sababu ya Februari ni yetu sote wawili." Akashuka. Maneno hayo hakuyamalizia, siku hiyo wala baadaye.

Aliziandika barua zote, za wale mia tatu na arobaini, na ya chama cha wapiga mbizi cha Berwick, na ya afisa aliyechunguza kifo. Zilimchukua wiki mbili. Nilijitolea kubandika stempu, akasema hapana, asante. Afisa alijibu kwamba uamuzi hautabadilika, marehemu alipaswa kutumia majedwali ya chama chake, lakini barua itawekwa kwenye faili. Mwanasheria alituambia hakuna sheria ya kutushtaki nayo. Hakuna aliyewahi kufikiria kwamba kaseti inaweza kuua. Clifford alipolisikia hilo alionekana kama mtu aliyefungiwa mlango. Nadhani alitaka kushtakiwa.

Wanunuzi nao walijibu. Wengi waliomba kaseti mpya. Wawili walitutukana. Yule mama wa Leeds alisema yeye alishaona namba zake haziendi sawa, akadhani ni ujinga wake. Gazeti liliandika aya nne, na kufikia Oktoba tarishi akawa anapita mlangoni kwetu bila kusimama. Clifford alituma kaseti nzima kwa kila aliyeomba, bure, mpaka wa mwisho, kisha akaiuza kompyuta na kuchoma madaftari yote kumi na saba uani. Bi Carnaby aliendelea kumwandikia kuhusu mvua. Clifford alimjibu mara moja tu, kwa adabu, akamwomba asiandike tena.

Alipata kazi ya kutengeneza mashine za kufungashia kwenye kiwanda cha krispi. Tunaishi nyumba moja. Ananiambia kuna baridi leo, ananiambia sufuria inachemka. Analala chumba cha nyuma, na mimi sijamwuliza mpaka lini.

Nilimwandikia Elspeth barua yangu mwenyewe, bila kujitetea. Hakujibu, na sioni kwa nini angejibu.

Lakini Machi iliyofuata ilikuja barua ya Berwick kwa jina la Clifford. Aliisoma mlangoni akiwa amevaa koti la kazi, akaitia mfukoni, akatoka. Hakunisomea. Niliikuta Jumamosi nilipotaka kufua lile koti. Elspeth alikuwa ameandika kwamba mama yake ameirudisha picha ya harusi ukutani. Adam amezisoma karatasi zote mbili, sifuri na ishirini na mbili, mara nyingi mpaka zimechakaa. Hakufurahi. "Anasema alikuwa amezoea kumchukia Magnus," aliandika, "kwa sababu Magnus alimjua tangu utoto na chuki ilikuwa na pa kukaa. Sasa ameniomba nimwonyeshe hao Raine kwenye ramani. Nilimwonyesha Consett. Akasema ni mbali sana kwa mtu wa kiti cha magurudumu, akageukia dirishani. Nimekuandikia kwa sababu uliniomba nisikufiche lolote."

Nikaikunja, nikairudisha mfukoni kama ilivyokuwa, nikalitundika koti bila kulifua.